Nafasi na ukavu: jinsi ya kulinda miguu isife ganzi ukiendesha baiskeli kwenye theluji

Mtu wa Limuru au Makambako anaijua baridi ya Julai, na dawa yake anaijua: soksi mbili. Dawa hiyo ukiihamishia Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari, ukapanda baiskeli saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu, itakuumiza. Soksi ya pili ndani ya kiatu kilekile hubana mguu. Mguu ukibanwa damu haipiti vizuri, na damu ndiyo inayoleta joto. Kiatu na soksi havitengenezi joto hata chembe. Kazi yake ni kulitunza lile lililoletwa na damu. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa kununua chochote, shika mambo mawili: mguu uwe na nafasi, na uwe mkavu.

Kwa nini miguu huumia kabla ya viungo vingine

Mwili ukihisi baridi hubana matumizi. Hulinda moyo, mapafu na ubongo vibaki karibu na nyuzi 37, na hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni. Anayetembea ana nafuu, maana kila hatua hukunja unyayo na kusukuma damu. Kwenye baiskeli unyayo hukandamiza pedali mahali palepale, vidole vimekaa tu, na upepo unautengeneza wewe mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri nawe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri.

Halafu kuna chumvi. Miji mingi ya nchi za baridi humwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke. Maji yenye chumvi hubaki majimaji hata chini ya sifuri, kwa hiyo uji ule wa kijivu unaorushwa na gurudumu la mbele kuelekea kiatuni unaweza kuwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka. Ndiyo maana madigadi yenye kipande cha mpira kinachoning'inia hadi sentimita 5 hivi juu ya lami husaidia miguu kuliko soksi yoyote ya bei ghali. Kama madigadi yako ya mbele ni fupi, kata kipande cha plastiki ya dumu, toboa matundu mawili, kifunge kwa skrubu. Usikishushe zaidi ya hapo, theluji ikirundikana kitanasa na kukatika.

Kiatu kwanza

Kipimo cha nafasi ni rahisi. Vuta soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, simama juu yake ukiwa umevaa soksi nene utakayoitumia. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya kama sentimita 1.5, na pembeni nyama ya mguu isimwagike nje ya soli. Kisha vaa kiatu, funga kamba, jaribu kuchezesha vidole vyote vitano juu na chini. Visipochezeka, kiatu hicho si cha baridi, hata kiwe na manyoya ndani. Wengi huhitaji saizi moja zaidi ya ile ya kawaida, wengine saizi moja na nusu. Kamba usizikaze juu ya unyayo. Mishipa inayopeleka damu vidoleni inapita hapohapo.

Sasa aina ya kiatu. Kwa safari za mjini, buti la kawaida la theluji pamoja na pedali bapa ndilo chaguo letu, na hatuoni aibu kulisema mbele ya wapenda mbio. Pedali iwe pana, ya nailoni, yenye meno madogo ili buti lisiteleze. Nailoni haivuti joto kama alumini.

Ukiwa na viatu vya mbio, vile vyenye kibati chini kinachonasa kwenye pedali, jua kwamba vimeundwa kupoza mguu wakati wa kiangazi. Baridi huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni matundu ya hewa puani mwa kiatu na mara nyingine chini ya soli. Yazibe kwa selotepu pana ya kitambaa, kwa ndani na kwa nje. Ya pili watu wengi hawaioni: inua soli ya ndani utaona skrubu za kile kibati zikiwa zimekaa wazi chini ya unyayo, chuma tupu kinachogusana na pedali ya chuma. Futa vumbi, ziba shimo lote kwa selotepu, kisha weka juu yake soli nyembamba ya feliti (kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa) au yenye utando wa alumini. Hakikisha soli hiyo haijala ile nafasi ya vidole. Ikiila, toa ya zamani ubaki na mpya peke yake.

Juu ya viatu hivyo huvaliwa vifuniko vya neoprini, ule mpira wa suti za wapiga mbizi. Kati ya nyuzi 10 na 5 juu ya sifuri kifuniko cha vidole tu kinatosha. Kutoka 5 juu ya sifuri hadi 5 chini yake vaa kifuniko kizima kinachopanda juu ya kifundo. Chini ya hapo viatu vya mbio havifai kwa safari inayozidi nusu saa, rudi kwenye buti. Na suruali ishuke juu ya kifuniko, isichomekwe ndani, la sivyo maji yatateremka mguuni moja kwa moja hadi kwenye soksi.

Soksi na jasho

Soksi moja ya sufu, ikiwezekana ya kondoo wa merino, inayofika katikati ya muundi. Sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujausikia unyevu. Pamba hulowa na kubaki imelowa, na soksi iliyolowa humwaga joto nje mara nyingi zaidi ya iliyo kavu. Usivae soksi za safari ukiwa bado unakunywa chai sebuleni penye hita. Miguu itatoka jasho hapo, na jasho hilo utakwenda nalo nje. Zivae dakika ya mwisho, mguu ukiwa mkavu.

Baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kuna mbinu ya mfuko wa mkate ambayo wazoefu wa Minnesota na Kanada wanaiamini sana. Wengi huikosea mpangilio. Fuata hivi:

1. Vaa soksi nyembamba sana mguuni.
2. Vaa mfuko laini wa plastiki juu yake, usio na tundu, ukunje pembe zake zisifanye vifundo chini ya vidole.
3. Vaa soksi nene ya sufu juu ya mfuko.
4. Ingiza mguu kwenye buti, pima tena kama vidole vinachezeka.

Mfuko ukikaa ndani ya soksi nene, jasho linaishia kwenye ile soksi nyembamba na sufu inabaki kavu. Ukiuvaa nje ya sufu, jasho linailowesha sufu yenyewe, na baada ya saa moja umebeba kitambaa kibichi. Mguu utakuwa na unyevunyevu, ni kawaida. Ukifika vua yote matatu mara moja, jipanguse, vaa soksi nyingine uliyoibeba kwenye begi.

Vipakiti vya joto

Vile vipakiti vya kubandika vidoleni vina unga wa chuma, chumvi, makaa na maji kidogo. Vikifunguliwa, chuma kinashika kutu kwa kasi na kutoa joto. Kutu inahitaji hewa. Ukikifungua na kukibana papo hapo ndani ya kiatu kilichozibwa kila upande, kitapoa na utadhani umeuziwa kibovu. Kifungue dakika 15 kabla, kiache mezani kipate moto, kisha kibandike juu ya vidole, nje ya soksi. Chini ya unyayo kinasagwa na pedali na kinakula nafasi. Kamwe kisigusane na ngozi, kwa sababu mguu wenye ganzi hautakuambia kwamba unaungua. Wenye kisukari au ugonjwa wa mishipa ya miguu wasivitumie bila kuzungumza na daktari. Kisichokwisha nguvu kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kutu itasimama na kesho kitawaka tena.

Ukiwa njiani

Joto la miguu huanzia juu. Damu inayofika vidoleni imepita mapajani, magotini na kwenye miundi, kwa hiyo suruali nyembamba ya kazini peke yake huipoza kabla haijafika. Vaa taitsi nene chini yake, funika masikio, ziba shingo. Kwenye taa nyekundu shuka, bembeza mguu mmoja mbele na nyuma mara 30, kisha wa pili. Damu husukumwa hadi mwisho. Vidole vikianza kuuma, shuka utembee dakika 3 hadi 5 ukiisukuma baiskeli. Maumivu ni onyo zuri. Maumivu yakipotea ghafla bila mguu kupata joto, hapo ndipo pa kuogopa.

Ukifika ukakuta kidole kimepauka, kigumu kama nta, na hakihisi, usikisugue, wala usikisugulie theluji kama wengine wanavyoshauri. Usikisogeze karibu na moto au hita. Kiweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo kiwiko kinayahisi ya uvuguvugu, mpaka rangi irudi. Kitauma sana, na hiyo ni dalili njema. Kama lazima utoke tena kwenye baridi, usikiyeyushe kwanza, maana kuganda mara ya pili huharibu nyama zaidi. Malengelenge, weusi, au ganzi isiyoisha ni vya hospitali siku hiyohiyo.

Usiku, toa soli za ndani na uzisimamishe pembeni. Jaza viatu karatasi za gazeti, badilisha baada ya saa moja, viache mita moja au zaidi kutoka kwenye hita. Joto kali hulegeza gundi ya soli na kupasua ngozi ya kiatu. Zipu za vifuniko zisuuze kwa maji matamu, chumvi huzila hadi zikwame. Asubuhi ingiza mkono hadi puani mwa kiatu. Pakiwa bado pabichi, vaa pea ya akiba.