Ukija Mombasa kulala kwa wenyeji

Ndugu yangu unayetoka Tanga kuja Mombasa mara ya kwanza, ukivuka mpaka pale Horohoro na Lunga Lunga, badilisha pesa za kukufikisha tu. Ukifika Likoni, kwenye kivuko cha kuingia kisiwa cha Mombasa, feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu.

Kazi yenyewe iko nyumbani. Piga hodi, ngoja uambiwe karibu, vua viatu mlangoni, waamkie wakubwa kwanza. Halafu, tafadhali sana, usiseme umeshiba. Mimi siku yangu ya kwanza Mji wa Kale nilikataa chakula kwa haya. Mama mwenyeji alibaki amesimama na birika la kunawia mkononi, kimya. Inaniuma mpaka leo, maana wali wa nazi ule ulipikwa kwa ajili yangu. Hata kama umekula njiani, nawa, kaa mkekani, kula kwa mkono wa kulia, upande wako wa sinia, japo matonge matatu.

Na kijizawadi chako, hata kilo mbili za sukari, mpe mama mwenyewe usiku huohuo. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi, na hapo mazungumzo huja yenyewe.