SOMO: Kutengeneza staili ya sebene mwenyewe kwenye Yamaha PSR (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam.

Kila Jumatatu, ibada zikishapita, naletewa ombi lilelile: "Mkuu, naomba staili ya sebene." (Staili ni faili la ngoma, besi na magitaa ambalo kinanda hulipiga chenyewe kukusindikiza; sebene ni ile sehemu ya kuchezeka ya muziki wa Kikongo.) Naituma. Kesho yake mtu anarudi analalamika kwamba kwenye C inalia vizuri, akienda A maina inavurugika. Nimechoka kutuma mafaili yanayorudi na malalamiko. Leo naandika jinsi ya kuitengeneza, na anayetaka faili tu apite kimyakimya.

Somo hili linahusu PSR-S na PSR-SX. Wenye Tyros na Genos mtafuata bila shida, menyu zimepangwa tofauti kidogo lakini majina ni yaleyale. Wenye PSR-E: mashine zenu hazina Style Creator, yaani menyu ya kutengenezea staili. Baadhi yake zinapokea staili iliyotengenezwa kwingine, ila kuitengeneza haziwezi. Msiniulize kitufe kiko wapi, hakipo.

Kitu cha kuelewa kabla hujagusa chochote: staili haijui wimbo wako. Inajua mapigo tu. Wimbo unaletwa na mkono wako wa kushoto. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yenu yanajijibu.

1. Fungua Style Creator, chagua New Style. Weka 4/4 na tempo. Mimi huweka 120.

2. Staili ina vipande: Intro ya kuanzia, Main A hadi D zinazozunguka wakati wa wimbo, Fill In za kuunganishia, na Ending ya kumalizia. Chagua Main A, urefu vipimo 4. Bonyeza Execute, usipobonyeza urefu haubadiliki.

3. Ngoma. Shikilia REC, bonyeza RHY1 (njia ya ngoma). Kipande kinazunguka chenyewe, kwa hiyo ongeza chombo kimoja kimoja kila kikirudi mwanzo. Kiki iko C1, snea D1, pigo la ukingo wa snea C#1, hai-hati iliyofungwa F#1, marakasi A#3, klevu (vijiti viwili vya kugonganisha) D#4.

Gawa kipimo kimoja katika sehemu 16. Klevu ya rumba ya Kikongo, yaani ule mchoro wa mapigo 5, inaangukia 1, 4, 7, 11 na 13. Kwa Main A na B iweke kwenye ukingo wa snea, taratibu. Kwa Main C na D, ambako ndiko sebene linapolipuka, hamishia pigo hilohilo kwenye snea yenyewe, kiki iwe kwenye mapigo yote 4, marakasi zijaze zote 16. Nyoosha kiki na snea kwa Quantize ya 1/16. Marakasi ziache jinsi mkono ulivyozipiga, ukizinyoosha nazo utapata saa ya ukutani.

4. Besi na magitaa. Hapa ndipo staili nyingi zinapofia, zangu za mwanzo zikiwemo, kwa hiyo soma polepole.

Mashine inadhani unachorekodi kimepigwa juu ya kodi moja tu: C yenye ti yake, ile inayoandikwa CM7. Baadaye ukishika F kwa mkono wa kushoto, inachukua noti ulizorekodi na kuzihamishia kwenye F. Ukishika A maina, inazihamisha na kushusha zinazotakiwa kushuka. Kazi hiyo inaifanya vizuri, ila kwa sharti moja, kwamba noti ulizompa zina nafasi inayojulikana ndani ya kodi. Kwa watu wa kwaya niseme kwa solfa, do ikiwa C: kwenye njia za kodi (CHD1, CHD2 na PAD) piga do, mi, so, ti peke yake. Kwenye njia ya besi (BASS) na za vipande vya melodi (PHR1 na PHR2) unaruhusiwa kuongeza re na la. Fa usiiguse. Besi yako itakuwa tamu mno kwenye C ikipita fa, na ndiyo itakayokuumbua mbele ya washirika kodi ikigeuka.

ONYO LA KWANZA: usirekodi mzunguko wa C–F–G–F ndani ya Main. Narudia, USIREKODI MZUNGUKO. Najua sebene ndivyo linavyokwenda. Rekodi C tupu, vipimo vyote 4, hata kama unaona inachosha. Mzunguko utaupiga kwa mkono wa kushoto siku ya ibada.

ONYO LA PILI: Intro na Ending ndizo pekee ambako una ruhusa ya kupitisha kodi unavyotaka.

ONYO LA TATU: ukianza na staili ya kiwandani badala ya New Style, RHY unaweza kuongezea juu ya kilichopo. Njia nyingine lazima ufute kwanza ndipo urekodi.

Mgawanyo wangu: BASS besi, CHD1 gitaa la ridhimu, PHR1 mi-solo (gitaa linalokaa kati ya ridhimu na solo), PHR2 solo kwenye Main D tu, PAD nyuzi za nyuma kwa sauti ndogo kabisa. CHD2 naacha tupu. Si lazima ujaze njia zote 8. Sebene lililojaa sana halichezeki.

5. Parameter. Ukurasa ambao hakuna anayeufungua, halafu wanakuja kuniuliza.

NTR ni kanuni ya kuhamisha noti kodi ikibadilika, na ina machaguo mawili makuu. Root Trans inahamisha mchoro mzima: C-E-G ikienda F inakuwa F-A-C. Inafaa besi na mi-solo. Root Fixed inabakisha vidole karibu na vilipokuwa: C-E-G ikienda F inakuwa C-F-A. Inafaa ridhimu na PAD. Ukiipa ridhimu Root Trans, gitaa litakuwa linapanda na kushuka kila kodi kama mtu asiyejua kupiga.

NTT ni jedwali la kugeuza noti kufuata aina ya kodi: Melody kwa besi na mi-solo, Chord kwa ridhimu na PAD. Ngoma ziache na Root Fixed na Bypass zilivyo, la sivyo kiki itageuka kengele ukibadili kodi.

High Key ndiyo siri ya besi. Inasema mchoro upande hadi wapi kabla ya kurudi oktavo moja chini. Ukiweka F, kodi ya F inalia juu ya C, lakini F krosi (F#) inarukia chini. Sasa fikiria sebene la C: besi inapanda C kwenda F, halafu ikifika G inatumbukia shimoni, halafu inarudi juu kwenye F. Vibaya sana. Weka High Key kwenye G, F na G zitakaa jirani. Note Limit ya chini weka E0, maana besi ya nyuzi 4 haishuki chini ya hapo.

RTR inaamua noti inayoendelea kulia ifanye nini ukibadili kodi katikati. Besi nampa Retrigger to Root ili atue kwenye kodi mpya papo hapo. Ridhimu, Retrigger. Ukiacha Stop, kila badiliko la kodi linaweza kuacha pengo.

6. Hifadhi, kisha tumia Assembly kuchukua ngoma na besi za Main A kuzipeleka B, C na D, halafu rekebisha. Fill In ni kipimo 1 tu, huwezi kurefusha, kwa hiyo usijaze mbwembwe.

7. HIFADHI. Ukichagua staili nyingine au umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote imekwenda. Hakuna cha kurudisha. Hifadhi kila ukimaliza njia moja, na nakala iende kwenye flashi.

Maswali chini.

---

Tena_wa_Pili: Mkuu somo zuri, nitumie basi hiyo staili yako.

Mwandishi: Soma aya ya kwanza.

KidoleGumba: Nina E473, Style Creator naipata wapi?

Mwandishi: Aya ya pili.

KidoleGumba: Sawa mkuu ila ungejibu tu kwa ustaarabu.

Mwandishi: Nimejibu kwa ustaarabu kwenye aya ya pili. Haya, jambo ambalo halipo kwenye somo: unaweza kumwomba mwenye PSR-S akutengenezee, uipakie kwenye E473 yako kwa flashi. Faili isiwe kubwa, na usitegemee sauti zifanane, maana E haina sauti zote za S.

BesiNzito: Nimefuata hatua zote na bado kwenye A maina inavuruga. Nadhani somo lina makosa.

Mwandishi: Umerekodi noti zipi kwenye besi?

BesiNzito: C, F, G, F kama sebene lenyewe.

Mwandishi: Niliandika kwa herufi kubwa.

BesiNzito: Nilidhani hiyo ni kwa magitaa.

Mwandishi: Futa BASS, rekodi upya juu ya C. Ngoma zako usiziguse.

AltoWaMwisho: Shikamoo kaka. Naomba kuelewa, siyo kubishana. Nyimbo zetu nyingi za toba ziko kwenye maina. Kwa nini nirekodi kwa C meja ikiwa sitaitumia hata mara moja? Haiwezekani kurekodi kwenye A maina moja kwa moja?

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Inawezekana. Kabla ya kurekodi, ingia Parameter, badilisha Source Root iwe A na Source Chord iwe m. Ukishafanya hivyo noti zinazoruhusiwa nazo zinabadilika: kwenye CHD na PAD utakuwa na A, C, E. Piga hisia zako zote za maina hapo, hazitapotea kwenye tafsiri. Fanya KABLA, siyo baada, na fanya kwa kila njia utakayorekodi. Ubaya wake ni kwamba ukienda meja mashine ndiyo itakayobahatisha upande huo. Kwa Intro ya toba kuna njia nyingine: NTT ya Harmonic Minor inashusha noti ya 3 na ya 6 ya skeli peke yake, ya 7 inabaki juu, na ile 7 iliyo juu ndiyo inayovuta machozi. Natural Minor inashusha zote tatu. Dorian inashusha ya 3 na ya 7. Jaribu zote kwenye Intro moja usikie.

AltoWaMwisho: Nimejaribu Harmonic. Mwalimu wa kwaya ameuliza nani kapiga. Asante kaka.

Kanda_ya_Ziwa: Nilichukua gitaa la staili ya kiwandani kwa Assembly, nikabadilisha sauti niweke piano. Sasa kuna noti zinagonga juu kabisa kama mtu anachezea vijiko. Mashine imeharibika?

Mwandishi: Haijaharibika. Gitaa hilo ni MegaVoice. Noti za juu kabisa ni kelele za mkwaruzo wa nyuzi, na nguvu ya pigo ndiyo inayochagua mbinu ya kuchuna. Sauti ya kawaida haijui hayo, inazipiga zote kama noti. Rudisha MegaVoice, au rekodi piano yako mwenyewe. Na kinyume chake: usirekodi MegaVoice kwa mkono, haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Mpigaji_Kimya: Nikishika C yenye besi ya E, besi yangu bado inapiga C.

Mwandishi: Mambo mawili. Njia ya BASS, washa NTT Bass. Kisha aina ya ushikaji wa kodi iwe Fingered On Bass. Kimoja bila kingine hakifanyi kazi.

Pa_Ni_Pa: Natumia Korg Pa. Faili lako la .sty litafunguka?

Mwandishi: Hapana. Herufi za mwisho zinafanana, mashine hazielewani. Ila Korg ana kitu nakionea wivu: kila Variation (kama Main yetu) inaweza kubeba hadi michoro 6, CV1 mpaka CV6, na wewe unaamua meja itumie upi na maina itumie upi. Ungerekodi besi mbili tofauti na hili somo langu la kukwepa fa lisingekuhusu sana.

Pa_Ni_Pa: Kumbe! Miaka yote nimetumia CV1 tu.

MwanaMombasa: Nataka chakacha. Nianze vipi?

Mwandishi: Hapo hatua ya 1 inabadilika, weka 6/8 mwanzoni kabisa kabla ya noti yoyote. Klevu yangu ya 16 haikuhusu, gawa kipimo katika 6. Ila mimi ni mtu wa bara, sikudanganyi, chakacha yangu ingechekwa harusini. Rekodi ngoma halisi kwa simu, icheze kando, fuatisha.

MwanaMombasa: Nimekupata. Nikiimaliza naileta hapa, wa bara mjifunze.

FundiMitambo: Naongezea la pembeni. Staili ikilia vizuri kwenye hedifoni na vibaya kanisani, ni kwa sababu kinanda mnakichomeka waya mmoja. Chomekeni kwenye tundu la L/L+R, siyo R.

Mwandishi: Na rivabu (mwangwi) ya staili ipunguzeni, ukumbi una yake tayari. Ridhimu na mi-solo vinakuwa uji.

FundiMitambo: Sahihi. Na besi?

Mwandishi: Besi rivabu sifuri. Kiki pia.

Tena_wa_Pili: Mkuu, basi hata Main A peke yake.