Cherehani ya kuunganisha viraka vya kitenge: ipime kabla ya kulipa
Kwa shuka la viraka, mishono ya mapambo haina kazi. Cherehani ya kukanyaga ya mshono mnyoofu inatosha kabisa, na tundu lake dogo la sindano halimezi pembe za viraka kama lile pana la cherehani ya zigizaga (mshono wa kwenda kushoto na kulia).

Nenda dukani na vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja upana wa inchi 1½, na sindano mpya namba 80/12. Viunganishe kwa mshono wa robo inchi, piga pasi, pima cha katikati: kibaki inchi 1 kamili. Mshono ukizidi milimita 1 tu, kila kiungo kinapoteza milimita 2. Viungo 8 ni milimita 16, na safu hazikutani tena.

Uzi ukijazana chini, inua mguu wa cherehani (kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano), upitishe upya uzi wa juu. Kitambaa cha juu kikibaki kirefu mwishoni, legeza skrubu inayokandamiza mguu huo.