Kuona neva zikiota: jaribio la yai la siku ya nane

Katika majaribio yote ninayosimamia maabara, hili ndilo nalipenda zaidi. Mwanafunzi anajionea mwenyewe kwamba neva haijiotei tu: kiungo inakokwenda ndicho kinachoilisha.

1. Mayai. Chukua ya kuku wa kienyeji wanaotembea na jogoo; vijiji vinavyoizunguka Dodoma vinayo. Trei za mayai ya kisasa hazifai, hayana mbegu.

2. Kutotolesha. Nyuzi 37.5, ukiyageuza mara tatu kwa siku. Kiangazi chetu ni kikavu mno, kwa hiyo sinia la maji ndani ya mashine lisikauke. Siku ya nne mulika kwa tochi. Lisilo na mishipa ya damu litoe.

3. Kuchambua. Siku ya nane toa kiinitete, ukikate kichwa papo hapo. Ondoa viungo vya tumbo mpaka uuone uti wa mgongo kwa mbele. Kandokando yake, kulia na kushoto, vimejipanga vifundo vidogo vyeupe vya neva za hisia. Vichomoe kwa kibano chembamba, na hapa usiharakishe. Nyama iliyong'ang'ania kifundo hutoa protini zake yenyewe, nayo itakuvurugia majibu.

4. Visahani vitatu vilivyopakwa kolajeni, protini ya kushikia seli. Cha kwanza, chakula cha seli pekee. Cha pili, ongeza NGF, protini inayokuza neva, nanogramu 50 kwa mililita. Cha tatu, NGF pamoja na kingamwili inayoizuia. Wengi hukiruka hiki cha tatu ili kubana matumizi; nawasihi msikiruke, maana ndicho kinachothibitisha kwamba kazi ni ya NGF na si ya kitu kingine. Acha kwenye nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5.

5. Kesho yake, weka chini ya hadubini. Kwenye kisahani cha pili nyuzi za neva zimechomoza pande zote za kifundo kama miale ya jua. Kwingine ni chache au hakuna. Mwanasayansi Rita Levi-Montalcini aliiona miale hiyo Rio de Janeiro miaka ya 1950, akitumia uvimbe wa saratani wa panya. Stanley Cohen akaisafisha protini yenyewe, na mwaka 1986 wakapewa Nobel pamoja. Mwilini, kiungo hutoa NGF kidogo tu. Neva zinaigombania, zinazokosa hufa.

6. Utumbo una protini yake, GDNF. Hiyo huziita seli za neva zishuke mpaka mwisho wa utumbo mpana. Kipokezi chake kwenye seli hizo, RET, kikiwa na hitilafu, seli huishia njiani na kipande cha mwisho hubaki bila neva: ndio ugonjwa wa Hirschsprung. Kwa wanaosomea uuguzi na udaktari: mtoto mchanga asiyepata choo ndani ya saa 48, tumbo likijaa, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto.