Namna ya kulitambua duka la kale ukielekea kazini

Kutoka Mwanga kushuka stesheni ya Kigoma, achana na bodaboda utembee, maana majengo ya kale yamefunikwa na mabango ya huduma za simu. Inua macho juu ya bango: mara nyingine mwaka wa ujenzi umechorwa kwenye saruji. Reli ilifika hapa 1914, basi mwaka wowote wa karibu na huo simama uutazame vizuri.

Kisha mlango. Mbao nene, mabawa mawili, komeo la chuma, na kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za wateja. Hicho ndicho nikipendacho kuliko vyote. Baraza pana lenye nguzo nalo ni dalili.

Mwenye duka akiwa mzee, mpe shikamoo, nunua hata kiberiti, ndipo uombe kupiga picha. Usichelewe, rangi za matangazo hupakwa bila taarifa.