Namna ya kupima athari za wakimbizi kwenye ajira za wenyeji: mfano wa Kagera

Ukiuliza Ngara, wilaya ya Kagera iliyo mpakani na Rwanda na Burundi, wakimbizi wa 1994 walifanya nini kwenye ajira, mwenye shamba kubwa na kibarua hawatakupa jibu moja. Ukichukua wastani wa majibu yao umepoteza habari yenyewe. Nimewafundisha wanafunzi zoezi hili mara nyingi, na kosa kubwa huwa hilohilo: wanakimbilia wastani.

Hatua ya 1: Lijue tukio kwa tarehe

Warundi walianza kuingia Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Wengi wa Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Ziandike tarehe hizi ukutani, maana kila uamuzi unaofuata unazitegemea.

Hatua ya 2: Pakua takwimu

Tumia Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera (KHDS). Ulianza 1991 kwa ajili ya kuchunguza madhara ya vifo vya UKIMWI kwa kaya, ukahoji kaya zaidi ya 900 katika maeneo 51 kwa duru nne hadi 1994. Watu walewale walitafutwa tena 2004 na 2010. Unapatikana bure kwenye hifadhi ya takwimu ya Benki ya Dunia.

Angalia jambo moja kabla ya kuendelea. Kufikia 2004 Wanyarwanda wengi walikuwa wameondoka miaka 8 iliyopita. Kwa hiyo ukilinganisha 1991 na 2004, unapima alama iliyobaki, si hali ya siku zile kambi ya wakimbizi ya Benaco, huko Ngara, ilipofurika. Liseme hilo wazi kwenye ripoti yako.

Hatua ya 3: Pima umbali

Wakimbizi hawakuchagua vijiji kwa kuangalia ujira. Walivuka wakapiga kambi karibu na mpaka, hasa Ngara na Karagwe. Vijiji vya Bukoba na Muleba viliguswa kidogo. Hapo ndipo penye bahati ya mtafiti: umbali wa kijiji kutoka mpakani unakuonyesha nani aliguswa sana na nani kidogo. Weka kilomita zenyewe. Usikate mkoa vipande viwili vya "karibu" na "mbali", isipokuwa kwa kujifunzia hesabu kama tutakavyofanya hapa chini.

Hatua ya 4: Amua "kazi" ni nini

Hatua hii inadharauliwa kuliko zote. Mdadisi akimuuliza mama wa kijijini, "Una kazi?", atajibiwa, "Sina, nalima tu." Kwetu neno kazi limeshikana na mshahara. Kwa hiyo usitegemee swali moja. Tenganisha mambo matatu: shamba au mifugo ya kaya yenyewe, kibarua au ajira kwa mtu mwingine, na biashara ya mtu binafsi. Kibarua aliyelipwa kwa chakula naye ni kibarua, mhesabu.

Hatua ya 5: Piga tofauti ya tofauti

Maana yake ni kulinganisha badiliko la vijiji vya karibu na badiliko la vijiji vya mbali. Tarakimu hizi nimezibuni kwa ajili ya zoezi. Tuseme vijiji vya karibu na mpaka mwaka 1991 vilikuwa na watu 30 kati ya 100 wanaoajiriwa nje ya kaya, na 2004 wakabaki 22. Vya mbali walikuwa 28, wakabaki 27. Karibu wamepungua 8, mbali wamepungua 1. Ile 1 ingetokea hata bila wakimbizi, kwa sababu ya bei ya kahawa, ukame au UKIMWI. Kinachobaki ni 7, na hiyo ndiyo athari unayoitafuta.

Kwenye Stata au R (programu za takwimu), makosa sanifu, yaani kipimo cha shaka iliyomo kwenye jibu lako, yakusanye kwa kijiji. Wakimbizi walikigusa kijiji kizima kwa pamoja, kwa hiyo maelfu ya watu kutoka maeneo 51 ni ushahidi wa maeneo 51 tu.

Hatua ya 6: Jaribu kujikosoa

Rudia hesabu hiyohiyo kwa duru za kabla ya Oktoba 1993 peke yake. Athari ikijitokeza wakati wakimbizi hawajafika, basi vijiji vyako vilikuwa na njia tofauti tangu mwanzo, na umbali unabeba kitu kingine. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 7: Wagawe watu

Wagawe kwa kazi waliyokuwa nayo 1991, kamwe si ya 2004, kwa sababu ya 2004 yenyewe huenda imebadilishwa na wakimbizi. Watafiti Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva waliona kwamba wenyeji walioguswa zaidi walielekea kufanya kazi kwenye mashamba na mifugo ya kaya zao, na wakapungua kwenye kuajiriwa na wengine. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliona kaya kwa wastani zikinufaika, ilhali vibarua wa mashambani waliumizwa na ushindani na kupanda kwa bei, na wakulima wenye mashamba yao wakafaidi nguvukazi ya bei nafuu. Wastani peke yake ungekuambia mambo ni mazuri, na yule kibarua asingeonekana popote.

Ujira nao uugawe kwa bei za palepale, si za taifa, ili ujue unanunua kiasi gani. Utafiti wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah ulionyesha vyakula visivyokuwemo kwenye misaada vilipanda bei sana kuliko vile vya mgao.

Hatua ya 8: Watafute waliohama

Kibarua aliyekosa kazi Ngara akahamia Mwanza hayumo tena kijijini. Ukihesabu waliobaki tu, umemfuta yule aliyeumia kuliko wote, na matokeo yako yatapendeza bila haki. KHDS iliwafuata waliohama hadi mikoa mingine na Uganda, na kazi hiyo ngumu ndiyo inayoupa utafiti huu thamani yake. Fanya hesabu mara mbili: kwanza na wote, kisha na waliobaki kijijini peke yao. Majibu yakitofautiana, chapisha yote mawili kwenye jedwali moja.