Jinsi ya kuanza kumsoma Shneur Zalman bila kupotea

Kama unataka kumsoma rabi Shneur Zalman wa Liadi, yule mwanzilishi wa Chabad, tawi la Wayahudi wa Kihasidi, usikimbilie kitabu chake Tanya kama wengi wanavyofanya, hicho ni cha mambo ya roho, we anza na kitabu chake cha sheria za Kiyahudi, Shulchan Aruch HaRav, hapo ndo utaona ufundi wake.

Kwanza jua kuna Shulchan Aruch ya zamani, kitabu cha sheria cha rabi Yosef Karo, ilichapwa Venice 1565, hukumu fupifupi tu. Mwalimu wa Shneur Zalman, Maggid wa Mezeritch, akampa kazi aiandike upya, hukumu pamoja na sababu zake, na jamaa alikuwa bado kijana! Kwa hiyo ukikuta sentensi ndefu usiruke, kwenye zile sababu ndo kuna nyama.

Fungua sehemu ya kunawa mikono ukiamka. Chombo unakishika kwa mkono wa kulia, unakihamishia kushoto, unamwagia wa kulia kwanza halafu wa kushoto, unabadilishana hivyohivyo mpaka kila mkono umepata mara tatu. Chukua kikombe ufanye kweli, kusoma tu utachanganyikiwa, mi nilichanganyikiwa.

Yale maelezo ya ziada, Kuntres Acharon, yaache kwanza, yatakuchosha bure. Mapengo pia yasikushangaze, maandishi mengi yaliungua moto, na yeye alifariki 1812 akiwa anawakimbia askari wa Napoleon. Halafu ukiona siddur yake, yaani kitabu chake cha sala, inapingana na kitabu, wafuasi wake wanashika siddur, maana aliitoa baadaye.